Sukari ya Kuombea Samahani

Wadogo zangu mnaobaki kule ofisini Nakasero, siku ile mlipokuwa mnakata keki ya kuniaga mliniomba niandike historia ya gazeti letu tangu lilipoanza. Nilidhani mnatania, mpaka mmoja wenu akanipigia simu kuniuliza nimefika wapi. Basi nimekaa, jambo ambalo si kawaida yangu. Nina miaka arobaini na kitu, umri ambao wenzangu ndio kwanza wanaanza kuitwa bosi, lakini macho yangu yamechoshwa na herufi ndogo na miguu yangu haijawahi kupenda mahali pamoja. Nani alipanda cheo na nani alilipwa nini, ulizeni wengine. Mimi nitaandika kazi yenyewe, na hasa sehemu moja ya kazi hiyo ambayo hamkuikuta. Ningependa kuwaambia kwamba tuliiacha kwa sababu ya maendeleo. Tuliiacha kwa sababu ya aibu.

Gazeti la Habari za Stesheni halikuzaliwa Kampala. Lilizaliwa enzi za Waingereza katika mji mdogo wa reli upande wa mashariki, mji wenye barabara moja, kiwanda cha pamba, soko, klabu ya wazungu na stesheni. Mwanzilishi wake alikuwa Mgoa mmoja, Bwana Menezes, karani wa reli aliyechoka kuandika tiketi akanunua mashine ya kuchapa ya kukanyaga kwa mguu. Kila Jumamosi alitoa kurasa nne: saa za treni, bei ya pamba, kesi za mahakamani, arusi na vifo. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu wafanyakazi wa reli walitoka kila upande na hicho ndicho walichoelewana kwacho. Ukurasa wa nyuma ulikuwa wa Kiingereza, kwa ajili ya klabu, na nimeambiwa kwamba wazungu waliusoma kutafuta makosa tu.

Haya yote niliyapata kwa Mzee Wandera, mpanga herufi wa Bwana Menezes tangu mashine ikiwa mpya. Wahindi na Wagoa walipofukuzwa nchini, Menezes aliondoka na sanduku moja, na Wandera akazificha herufi za kuchapia, za madini ya risasi, ndani ya magunia chini ya mbegu za pamba. Zilikaa humo miaka yote ya Amin na ya fujo zilizofuata. Vita vya 1986 vilipokwisha alizipakia kwenye lori, mashine ikiwa juu imefunikwa turubai kama maiti, akaja nazo Kampala na kupanga chumba nyuma ya magereji ya Kisenyi. Mji wake mdogo ulikuwa umekufa, treni hazikupita tena. Gazeti lenye jina la stesheni likawa halina stesheni, lakini hakulibadilisha jina, kwa sababu jina lilikuwa limechongwa kwenye ubao mmoja wa mti mgumu na hakutaka kulipia ubao mwingine.

Mimi nilifika mwaka uliofuata. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne kwetu Kenya na nimekuja Kampala kutembea tu, nikibeba mizigo kwenye maduka ya Kikuubo nikisubiri kuchoka ili niende mji mwingine. Siku moja nikapita Kisenyi, nikasikia mlio ambao haukuwa wa gereji. Nikachungulia. Mzee mrefu, amevaa aproni nyeusi kwa wino, anakanyaga mashine kwa mguu mmoja kama anayeshona nguo.

"Unatafuta nani?" akauliza bila kugeuka.

"Sitafuti mtu, Mzee. Naangalia."

"Kiswahili hicho umekitoa wapi?"

"Shule, Mzee. Kenya."

"Cha shule kinafaa. Cha kambi za jeshi ninacho cha kutosha." Akanirushia kitambaa. "Panguza hiyo meza. Ukishapanguza, utaangalia vizuri zaidi."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Siku ile alinifundisha mambo mawili. La kwanza, herufi husomwa kinyume, kutoka kulia, na mtu mwenye haraka ya kusoma atachapa upuuzi. La pili, risasi ni sumu, na mtu hali chakula kabla ya kunawa kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha maji. Kwa miaka kadhaa kila nilichokula kilikuwa na harufu ya taa.

Lazima mjue Kiswahili kilivyokuwa Kampala siku hizo. Watu wengi walikuwa wamekisikia kwa watu wenye bunduki tu. Nilipouliza bei ya nyanya sokoni kwa Kiswahili, mama aliyekuwa anauza alizifunika kwa khanga kwanza, ndipo akajibu. Wauza magazeti walitukatalia. "Ssebo, hiyo ni gazeti ya jeshi," walisema kwa adabu ya Kiganda, na haikusaidia kuwaonyesha bei ya pamba. Wasomaji wetu walikuwa familia za askari na polisi, Wakenya, madereva wa malori, Wakongo na Wasomali wa pale pale Kisenyi. Wachache, lakini walilisoma hadi tangazo la mwisho.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe.

Bwana Menezes hakuwahi kuchapa sahihisho. Gazeti likimkosea mtu, alivaa koti, akanunua sukari, akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mtu yule, akawaita majirani, akasimama mlangoni na kusoma kwa sauti kosa lilikuwa lipi na ukweli ni upi. Kisha akakabidhi sukari na kuomba samahani. Katika mji wa barabara moja kila mtu alikuwa ameshalisoma lile kosa tangu asubuhi, kwa hiyo kila mtu alipaswa kulisikia likifutwa. Mzee Wandera aliniambia watu walikuwa wakitoka na viti vyao. Wengine waliomba wakosewe.

Desturi hiyo ilikuja Kampala kwenye lori pamoja na herufi. Na kwa kuwa mguu mmoja wa Mzee ulikuwa umekwisha kwa kukanyaga mashine, alinipa mimi kazi hiyo. Alinifundisha kama anavyofundisha kupanga herufi. Usiketi kabla ya kusoma. Usinywe chai kabla ya kusoma. Usieleze sababu, kwa maana sababu ni yako na kosa limewaangukia wao. Soma polepole, na majina uyasome mara mbili. Sukari usiifunge kwa gazeti letu.

Mara ya kwanza nilitumwa kwa fundi cherehani mmoja Kikuubo. Katika tangazo la arusi ya binti yake tulibadilisha majina ya bibi arusi na ya mama mkwe wake. Nilisimama kati ya marobota ya vitenge nikasoma, masikio yananiwaka, na wachuuzi wakacheka hadi wakashikana mabega. Yule fundi alicheka kuliko wote. "Mwambie Mzee wako," alisema, "mke wangu ameuliza kama mimi ndiye nitakayepokea mahari ya huyo mama mkwe!" Nilirudi ofisini nikijiona mtu wa maana. Baada ya hapo nilikwenda kwingi: kwa shehe tuliyemwita mchungaji, kwa mwenye duka tuliyempunguzia miaka. Niliizoea aibu ile kama harufu ya mafuta ya taa. Nilidhani ndiyo aibu yenyewe.

Desturi nyingine ya mji mdogo ilikuwa kwamba jina la mtu halichapwi peke yake. Kila jina lilipewa makazi yake: Fulani wa stesheni, Fulani wa nyuma ya soko. Menezes aliona ni adabu. Siku moja jamaa aliyekuwa akituletea habari za mahakamani kwa mdomo alisema kwamba mwanamke anayeitwa Adong, mpishi, amepatikana na hatia ya kuiba mafuta ya kupikia shuleni alikofanya kazi. Anaishi wapi? Hajui. Mzee Wandera akafikiri kidogo. Alikuwa anamjua Adong mmoja tu, mpishi, mjane wa koplo aliyekuwa msomaji wetu katika kambi moja ya polisi. Mimi mwenyewe nilipanga tangazo la kifo cha koplo yule, na hatukudai malipo. Basi Mzee akaongeza: "wa kambi ya polisi". Mimi nikapanga herufi. Hakuna aliyeona ubaya. Katika mji wenye barabara moja, Adong angekuwa mmoja. Hapa Kampala, ukiita jina hilo nje ya kituo cha mabasi ya kaskazini, watageuka wanawake wengi.

Tulijua kosa kwa furaha ya mtu. Wiki ile aliingia ofisini kijana mmoja anacheka, akashika mkono wa Mzee kwa mikono yake miwili.

"Mzee, asante sana! Mmemhamisha dada yangu. Sisi tunakaa Bwaise, nyinyi mmempeleka kambini. Majirani hawajui kitu!"

Mzee akaketi juu ya rimu ya karatasi. Kijana alipoondoka akaniambia, "Leta kalamu." Aliandika maneno ya kusoma, akayafuta, akayaandika tena. Kisha akanituma kununua sukari, na akaniambia ninunue zaidi ya kawaida.

Niliingia kambini Jumamosi mchana. Mnavijua vile vibanda vya bati vya duara ambavyo watu huviita mama-ingia-pole, kwa sababu usipoinama mlangoni utaumia. Wanawake walikuwa wanafua sare na kusukana nywele. Adong alitoka ameinama, mikono ina unga wa posho, ugali wa huku. Alikuwa mpishi wa mesi ya maofisa, na kwa kazi hiyo tu ndiyo aliruhusiwa kubaki katika kibanda kile na bintiye baada ya mumewe kufa. Wajane wengine walikuwa wameshaambiwa wafungashe.

"Mimi natoka Habari za Stesheni, Mama."

Uso wake ukafunguka. "Aa! Nyinyi watu wazuri. Mliweka picha ya mzee wangu. Ingia, kaa, nikupe chai."

"Asante, Mama. Nitasoma kwanza."

"Utasoma nini?"

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikawaita majirani. Wakaja na povu mikononi, watoto wakaja, na polisi wawili waliokuwa wanacheza karata wakasogea na karata zao. Nikasoma kwa sauti, polepole, jina mara mbili: kwamba gazeti letu lilisema Adong, mpishi wa kambi hii, ameiba mafuta ya kupikia, kwamba si kweli, aliyeiba ni Adong mwingine, kwamba tunaomba samahani.

Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza, "Ati Adong ameiba nini?"

"Mafuta."

"Ya mesi?"

"Gazeti ndiyo imesema. Huyu kijana ametoka huko."

"Na hiyo sukari ni ya nini sasa?"

Nililisikia neno likitembea kutoka kibanda hadi kibanda, na kila lilipofika liliacha kipande. "Si kweli" ndicho kilichodondoka kwanza. Nikapaza sauti, "Si yeye! Ni Adong mwingine!" na mmoja wa wale wa karata akamwambia mwenzake, "Ona anavyomtetea."

Adong alikuwa bado anatazama mikono yake. Akaniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Kijana. Nani hapa alikuwa amesoma hiyo maneno?"

Nikatazama wale watu. Sikuona hata mmoja aliyeonekana kuwa alijua kabla sijafungua mdomo.

"Hapa mtu wa kununua hiyo gazeti yenu alikuwa mmoja," akasema. "Mlitangaza kifo chake."

Akainama, akaingia ndani. Sukari niliiacha mlangoni kwa sababu sikujua pa kuipeleka.

Jumatatu tulisikia amesimamishwa. Mzee Wandera alivaa koti, tukaenda wote, yeye akichechemea na mimi nikiwa nyuma yake kama mtu anayepelekwa kituoni. Inspekta aliyesimamia mesi alitupokea kwa heshima. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonivunja moyo.

"Afande," Mzee akasema, "yule mama hakuiba kitu."

"Mimi najua hapa hakuna mafuta imepotea."

"Basi mrudishe jikoni."

"Mzee wangu. Hapa hakuna mtu alisema huyu mama ni mwizi. Nyinyi ndio mmesema. Mara ya kwanza kwa karatasi, mara ya pili mmekuja kusema kwa mdomo, na watoto wakisikia. Sasa wakubwa wangu wananiuliza, huyo mpishi wa gazetini bado anawapikia? Niwaambie nini?"

"Waambie gazeti lilikosea."

"Nimewaambia. Wameniuliza, kama ni uongo, kwa nini walileta sukari?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mzee alieleza sababu. Alieleza habari za Bwana Menezes na mji wa barabara moja na viti, na inspekta akamsikiliza hadi mwisho, kama mnavyomsikiliza babu yenu.

Inspekta akataka karatasi ya mahakama inayoonyesha Adong aliyehukumiwa ni wa wapi. Ilikuwa haki kuitaka. Nilikwenda mahakamani, nikaambiwa nirudi, nikarudi, faili likawa kwa mtu aliye likizo, nikarudi tena. Katikati ya safari hizo nilikwenda kambini kumwambia Adong nafuatilia. Alinikuta getini, hakunipitisha.

"Usikuje tena hapa."

"Mama, karatasi iko karibu kutoka."

"Kila ukikuja wanasema, gazeti imemfuata tena mwizi wake. Kama unataka kunisaidia, potea."

Karatasi ilipotoka tuliipeleka kwa inspekta tu, kimya kimya. Akaisoma, akaitia muhuri, akasema jina la Adong ni safi. Mesi ilikuwa imeshapata mpishi mwingine. Na mpishi alihitaji kibanda. Siku inspekta alipokuwa akitusifu kwa kupata karatasi, Adong na bintiye walikuwa wameshapakia vitu vyao kwenye mkokoteni, na mtoto ameachishwa shule ya kambini muhula haujaisha.

Wiki iliyofuata Mzee Wandera alipanga kwa mkono wake kisanduku kidogo ukurasa wa pili: MASAHIHISHO. Hicho ndicho kisanduku mnachonung'unika kukijaza kila Alhamisi. Sheria yake nyinyi mliikuta, ila hamkuambiwa ilikotoka: tunaandika ukweli, haturudii kosa. Andika "Bwana huyu ni mwalimu." Usiandike "Tulisema ni mlevi." Mzee aliacha pia kuwapa watu makazi kwa kukisia. Aliishi miaka michache zaidi. Hakulitaja jina la Adong tena, na kila siku kazi ilipokwisha alikawia kuvua aproni, kama mtu asiyetaka kutoka nje.

Mimi nilianza kuondoka. Nilikwenda Gulu, nikaenda Goma, nikakaa Mombasa, nikafika hadi Juba. Kila mji nilitafuta chumba chenye mlio wa mashine, nikapanga herufi kidogo, kisha nikakumbuka harufu ya Kisenyi na kurudi. Wenzangu walisema nina miguu ya mbuzi. Kuna sababu nyingine. Mara ya kwanza niliporudi nilikuta Adong amefungua mahali pa chakula pale pale Kisenyi, kati ya magereji, hatua chache kutoka kwetu. Hakuja kwa ajili yetu. Alikuja kwa sababu mafundi wanakula sana. Wachapaji wote walihamia kwake. Malakwang yake, mboga ya majani ya kaskazini, ilisifiwa hadi Kikuubo. Mimi nilizunguka nyuma ya magereji kila mchana nikala chapati na maharage nimesimama. Wakadhani napenda chapati. Hata tulipouza mashine kama chuma chakavu na kuhamia kwenye kompyuta huko Nakasero, nilifurahi kwanza kwa sababu ya njia mpya ya kwenda kula.

Wiki iliyopita, keki yenu ikiwa imekwisha, niliteremka Kisenyi. Sikuwa na la kumpa wala la kusoma. Niliketi mwisho wa benchi kati ya mafundi wenye grisi hadi viwikoni. Alikuja na sahani. Amezeeka, lakini ameshikilia upawa kama askari anavyoshika rungu. Akanitazama.

"Wewe ni yule wa kusoma."

"Ndiyo, Mama."

"Umenenepa."

"Ndiyo, Mama."

"Leo umekuja na karatasi?"

"Sina, Mama."

Akaweka sahani mbele yangu. Nikaanza kushukuru, lakini alikuwa ameshawageukia mafundi.

"Nyinyi, mnamuona huyu? Huyu ndiye alininyima kibanda changu!"

Akawahadithia. Alisema nilikuja nimevaa tai, na gari lenye kipaza sauti juu. Alisema niliwaambia kambi nzima kwamba ameiba mapipa ya mafuta, si madebe, mapipa. Kwamba alinichapa mwiko wa posho kichwani, nikakimbia yeye akinifuata, maofisa wakitoka mesi kushangilia. Aliigiza mbio zangu. Mafundi walicheka hadi mmoja akamwaga maji. Lakini bintiye kuacha shule hakukusema, wala mkokoteni, wala mumewe. Pale hayo tulikuwa tunayajua mimi na yeye tu, na hakuna aliyepata kuyacheka.

Fundi aliyekuwa karibu yangu akanigusa kwa kiwiko. "Mzee, ni kweli huyu mama alikupiga?"

Wote wakanigeukia. Adong naye, upawa mkononi, akanitazama kwa utulivu ule ule wa siku ile mlangoni, akisubiri.

"Alinipiga," nikasema. "Mpaka getini."

"Sema kwa nguvu," akasema Adong. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikasema kwa nguvu.